Kiu ya Gari Moshi

Reli ya zamani ikishatoka kisiwani Mombasa, ikapanda Mazeras na kuipita Mariakani, hufika kituo kinachoitwa Maji ya Chumvi. Kwa msafiri wa leo hilo ni jina tu. Kwa mtu aliyeendesha treni ya mvuke lilikuwa na uzito mwingine. Nyuma ya kituo hicho iko Bahari ya Hindi, maji yasiyo na mwisho ambayo boila haiwezi kuyatumia. Mbele yake iko nyika ya Taru, ambako tatizo si chumvi tena bali ni ukosefu wa maji yenyewe. Na mwisho wa safari, kilomita 530 kutoka pwani, uko mji uliopata jina lake kwa Wamaasai waliopaita mahali pale Enkare Nairobi, yaani maji ya baridi. Wamaasai walimaanisha ubaridi wa kushika kwa mkono. Lakini sisi tusemao Kiswahili maji yasiyo na chumvi huyaita maji baridi, na kwa bahati hiyo ya lugha safari nzima inaweza kusomwa kwa majina yake mawili: reli ilitoka kwenye maji ya chumvi ikapanda kuyatafuta maji baridi. Ndivyo ninavyokusudia kuisoma hapa, kituo kwa kituo, kwa sababu naamini ndivyo ilivyojengwa na ndivyo ilivyoishi.

Chombo hiki tulikiita gari moshi, na jina hilo limetupotosha kidogo. Limetufanya tukumbuke moto, makaa, kuni na wingu jeusi juu ya bomba, tukasahau kitu kilicholiwa kwa wingi kuliko vyote. Kilo moja ya makaa mazuri, ikiungua vizuri, hugeuza maji kilo 6 hadi 8 kuwa mvuke. Kwa maneno mengine, kila gunia la makaa lilidai magunia kadhaa ya maji. Hata mafuta mazito yalipochukua nafasi ya makaa, uwiano haukugeuka. Vichwa vya treni vya aina ya 59, vilivyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, vilibeba takriban lita 12,000 za mafuta na lita 39,000 za maji. Na maji hayo yalitumika mara moja tu. Yalichemka, yakawa mvuke, yakasukuma pistoni, kisha yakapulizwa nje kupitia bomba la moshi na kupotea angani. Sehemu kubwa ya lile wingu tulilolisifu katika picha, hasa lile jeupe, ni maji yanayoaga.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi bahari isitumike, ilhali Mombasa imezungukwa nayo pande zote. Jibu analo kila anayevuna chumvi kwenye mabwawa ya pwani. Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo, hubaki chini. Boila ni bwawa la chumvi lililofungwa: kila lita inayoingia huacha humo kila ilichokibeba, na saa chache baadaye kinachochemka si maji tena bali ni uji mkali wa chumvi unaotoa povu na kula chuma. Kwa hiyo tangu stesheni ya kwanza reli ilihitaji maji ya mito, ya visima au ya mvua, na iliyahitaji kwa tani.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na Taru ikawa mtihani wa kwanza. Misafara ya kale iliivuka nyika hii kwa kutegemea ngurunga, yale mashimo ya miambani yanayohifadhi maji ya mvua. Msafara ulijua ngurunga ipi ina maji mwezi gani, ukajaza vibuyu, ukaendelea. Hapa ndipo ninapokutana na pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: reli haikufuata maji, ilifuata njia ya misafara. Ni kweli kwamba ramani mbili hizo zinakaribiana. Lakini misafara nayo ilifuata maji, na tofauti iko kwenye kiasi. Ngurunga iliyotosha wapagazi mia moja isingetosha kichwa kimoja cha treni kufika kituo cha pili. Njia ilikuwa moja, kiu zilikuwa mbili, na kiu ya pili ilidai kazi ambayo mwenye kibuyu hakuihitaji kamwe: matangi yaliyoinuliwa juu ya nguzo, mabomba, pampu, na mabomba yenye shingo ndefu yaliyozungushwa juu ya treni ili kuijaza haraka.

Wakati wa ujenzi palihitajika kitu kigumu zaidi, nacho ni treni za maji. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao waliotolewa India, walikuwa mbele kwenye ncha ya reli, na maji yao yalisafirishwa kutoka nyuma kwa treni iliyopita juu ya reli waliyoitandaza jana. Treni hiyo yenyewe ilikunywa. Kadiri ncha ya reli ilivyosonga mbele, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya maji ilivyoishia ndani ya boila ya mbebaji, kwenda na kurudi, kabla mtu hajaonja. Mtu akiniambia kwamba reli ilikwama kwa simba wa Tsavo mwaka 1898, sitabisha; simba wale waliua watu na kazi ilisimama kweli. Ila simba walikuwa wawili na walikufa mwaka ule ule. Taru haikuuawa. Ilibidi kila treni iishinde upya, kila siku, kwa miaka zaidi ya 70.

Baada ya Voi mambo hubadilika, na huu ndio ushahidi ninaoutegemea zaidi. Kutoka Tsavo kwenda Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, reli hupanda ikiwa na vilima vya Chyulu upande wa kushoto. Chyulu ni vilima vya volkano. Mvua inayonyesha juu yake haitiririki, hunywewa na mawe yenye vitundu na kwenda chini kwa chini, kisha huibuka miguuni mwa vilima ikiwa chemchemi: Mzima upande wa kusini, Kibwezi na Makindu upande wa mashariki. Anayetazama ramani kwa haraka huona vituo vilivyopangwa jangwani. Anayetazama miamba huona vituo vilivyopangwa kwenye ukingo wa tangi kubwa la chini ya ardhi. Jina la Makindu lenyewe lamkumbusha msemaji wa Kiswahili mikindu, miti inayotupa ukindu wa mikeka, na mkindu si mti wa mahali pakavu. Hupenda kandokando ya mito na penye chepechepe. Hapo ndipo palipokuwa kituo kikubwa cha vichwa vya treni katika miaka ya mwanzo, na hapo ndipo Masingasinga waliofanya kazi relini walipojenga hekalu lao, ambalo hadi leo huwapa wasafiri chakula bila malipo.

Nairobi ni mfano unaonipa shida, na sipendi kuuruka. Wanahistoria husema, na wako sahihi, kwamba wahandisi walisimama pale mwaka 1899 kwa sababu palikuwa na uwanda wa mwisho kabla ya kupanda vilima vya Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Karakana na njia nyingi za pembeni hudai ardhi tambarare. Maji hayakuwa sababu pekee, wala sitadai hivyo. Ninachosema ni kwamba tambarare ziko nyingi kati ya Athi na pale, na tambarare isiyo na mto isingefaa kitu, kwa kuwa kazi ya kwanza ya kituo kikuu ni kuosha na kujaza maboila. Mandhari ilitoa chaguo kadhaa. Maji yakapunguza chaguo.

Mpaka hapa nimezungumzia kupata maji. Kuyaingiza ndani ya boila ni suala jingine, na kwangu ndilo lenye maajabu zaidi. Boila ya aina ya 59 ilifanya kazi kwa shinikizo la ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, takriban mara 7 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo, na maji yaliyokuwa humo yalikuwa na joto la nyuzi 200 hivi. Toboa tundu na kila kitu kitaruka nje. Sasa chukua maji ya baridi yaliyolala kwenye tangi bila shinikizo lolote, uyashawishi yaingie humo, tena bila kusimamisha safari. Katika miongo ya mwanzo ya reli Ulaya kazi hiyo ilifanywa na pampu iliyoendeshwa na mwendo wa treni yenyewe. Treni ikisimama, pampu husimama. Na treni iliyosimama muda mrefu huku moto ukiwaka huendelea kupoteza maji. Ilibidi kichwa cha treni kifunguliwe kutoka kwa mabehewa, kikimbizwe mbele na nyuma kwenye njia ya pembeni ili tu kijaze boila yake.

Aliyeliondoa tatizo hilo ni Mfaransa Henri Giffard, mtu aliyekuwa ameruka mwaka 1852 kwa puto refu lililosukumwa na injini ya mvuke. Mwaka 1858 alipata hataza ya injekta. Ukiitazama injekta unaweza kudhani ni kiungio tu cha mabomba: haina pistoni, haina gurudumu, haina kitu kinachozunguka. Ndani yake mna koni chache zilizopangwa kwenye mstari. Mvuke kutoka kwenye boila huingia koni ya kwanza na kutoka kwa kasi; hukutana na maji ya tangi kwenye koni ya pili; huyasukuma; na katika koni ya tatu, inayopanuka, mwendo hugeuka kuwa shinikizo, vali ya mlangoni huinuka, na maji huingia ndani ya boila ile ile ulikotoka mvuke.

Msomaji makini atapinga mara moja. Mvuke umetoka kwenye boila hiyo hiyo, kwa shinikizo hilo hilo. Utawezaje kulishinda shinikizo lililouzaa? Si sawa na mtu kujiinua kwa kuvuta nywele zake? Waliokutana na injekta kwa mara ya kwanza walikuwa na shaka hiyo hiyo, na dawa yake ni kupiga hesabu. Shinikizo lile likisukuma maji kupitia tundu, maji hutoka kwa kasi ya mita 55 hivi kwa sekunde, kwa kuwa maji ni mazito. Mvuke ni mwepesi sana, na shinikizo lile lile huutupa kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Sasa kilo moja ya mvuke huo igongane na kilo 10 za maji yaliyotulia, na kasi igawanywe kati ya kilo zote 11: inabaki mita zaidi ya 70 kwa sekunde. Ni zaidi ya 55, na mlango hufunguka. Siri yote iko kwenye kitendo kimoja, kwamba mvuke ukigusa maji baridi hurudi kuwa maji papo hapo. Lita moja ya maji ni takriban lita 1,700 za mvuke katika hewa ya kawaida. Ukirudi kuwa maji, ule ukubwa wote hutoweka, lakini msukumo haupotei. Hakuna nguvu iliyozuliwa kutoka hewani. Joto la moto ndilo lililolipa gharama, na hata joto hilo halikupotea, maana limeingia ndani ya boila pamoja na maji.

Kutokana na hesabu hiyo unatoka udhaifu wa injekta, na udhaifu huo una jina la mahali: nyika. Kilo moja ya mvuke ikizama kwenye kilo 10 za maji huyapandisha joto kwa nyuzi 50 hadi 60. Maji yakianza na nyuzi 25, hufika 80 na kitu, na mvuke wote hukubali kurudi kuwa maji. Lakini tangi la chuma lililochomwa na jua la Taru mchana kutwa, karibu na boila ya moto, halina maji ya nyuzi 25. Yakianza na nyuzi 45 au 50, mvuke haupati ubaridi wa kutosha kuuvunja. Unabaki mvuke, mshipa wa maji unakatika, na injekta huanza kumwaga nje badala ya kupeleka ndani. Kwa sababu hiyo kila kichwa cha treni kilikuwa na njia mbili za kulisha boila, ili moja ikigoma nyingine iwepo.

Kipimo cha yote haya kilikuwa bomba fupi la kioo, wima, mbele ya uso wa dereva na msaidizi wake, lenye kina cha maji ya boila kinachochezacheza kwa mtikisiko. Kioo hicho hakisemi uongo, ila husema ukweli wa mahali kilipo tu. Treni ikipanda mlima, maji ndani ya boila hulala kuelekea nyuma, upande wa kioo, na kina huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwenye mwinuko wa mita 1.5 kwa kila mita 100, boila ya urefu wa mita 5 hupishana sentimita 7 na nusu kati ya ncha na ncha. Kisha treni hufika kileleni, huinama upande wa pili, na maji yote hukimbilia mbele. Kwa dakika hiyo dari ya tanuri, lile bati la chuma lenye moto chini yake na maji juu yake, laweza kubaki wazi. Chuma kisicho na maji mgongoni hulegea, na shinikizo lote la boila huja juu yake. Waundaji waliweka darini plagi za risasi ziyeyuke mapema na kumwaga mvuke juu ya moto, lakini huo ni ulinzi wa mwisho. Ulinzi wa kwanza ulikuwa akili ya msaidizi aliyejua kilele kiko wapi, akaongeza maji kabla ya kukifikia. Na hakuweza kuongeza ovyo, kwani maji mengi yakiingia kwa mkupuo hushusha nguvu ya mvuke wakati treni inapoihitaji zaidi. Wanaosema injekta ilimaliza suala la maji husahau mtu huyu. Injekta ilifungua mlango. Saa ya kuufungua ilibaki kuwa ujuzi wa binadamu.

Umbo la vichwa vya treni vya nchi hii nalo ni jibu kwa kiu. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi kipo kichwa namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya vile 34 vya aina ya 59, chenye uzito wa tani 252 hivi kikiwa kimejaa. Ukikitazama kwa ubavu utaona boila imening'inia katikati kama kiti cha machela, na mbele yake, mahali ambapo injini nyingine huonyesha uso, kuna tangi kubwa la maji lililokaa juu ya magurudumu yake. Nyuma kuna jingine, pamoja na mafuta. Huu ni muundo wa Mwingereza Herbert Garratt, na vya kwanza viliundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Husifiwa kwa kupinda vizuri kwenye kona na kugawa uzito juu ya reli nyembamba za mita moja, na sifa hizo ni za kweli. Ila tazama ni uzito gani unaokanyaga magurudumu na kuyapa mshiko: maji. Hapo kiu imegeuzwa kuwa msaada, jambo ninaloliona kuwa la ustadi mkubwa, ingawa lina upande wake mchungu, kwani kadiri tangi linavyopungua ndivyo mshiko unavyopungua nao.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Zilikuwapo. Uingereza, John Ramsbottom aliweka mwaka 1860 mifereji mirefu katikati ya reli, huko Mochdre kaskazini mwa Wales, na treni ikashusha kijiko na kuchota ikiwa mbioni. Mfereji wa namna hiyo hudai ardhi iliyo sawa kabisa, mwendo wa kasi, na maji tele ya kumwagika. Nyika haina hata kimoja. Afrika Kusini walijaribu njia inayoonekana kuwa ya busara zaidi: kwa nini mvuke utupwe? Kwa jangwa la Karoo, tangu mwaka 1953, walinunua vichwa 90 vya daraja la 25 vilivyourudisha mvuke kuwa maji ndani ya behewa refu lenye mafeni, na viliokoa hadi asilimia 90 ya maji. Hilo lilikuwa fanikio la kweli. Lakini mvuke unaotupwa una kazi ya pili: ukipulizwa bombani huvuta hewa kupitia moto. Ukiuzuia, lazima uweke feni badala yake, na feni hiyo huvuta majivu makali yanayozila pangaboi zake. Matengenezo yakawa mazito, na katika miaka ya 1970 karibu vichwa hivyo vyote viligeuzwa kurudi kwenye desturi ya kumwaga mvuke angani.

Tena si kila maji baridi ni maji mema. Yale ya chemchemi zinazopita kwenye miamba hubeba chokaa, na kila mwenye birika la chai anajua chokaa hufanya nini: huota ukoko. Ukoko juu ya mabomba ya boila huzuia joto lisipite, chuma hupata moto kupita kiasi, mafuta huungua zaidi kwa kazi ile ile. Maji ya magadi hufanya jingine, hutoa povu, na povu likifika kwenye mitungi ya pistoni hupeleka maji mahali panapotarajiwa mvuke. Ndiyo maana karakana zilizima vichwa vya treni kila baada ya muda, zikafungua vizibo, zikaosha matumbo yao kwa mpira wa maji na vyuma virefu vya kukwangulia. Maji ya kuoshea uchafu wa maji nayo yalitoka kwenye matangi yale yale.

Nikiulizwa basi kwa nini mvuke uliondoka, sitaanza na bei ya mafuta, ingawa bei ilikuwa na uzito wake. Nitaanza na jangwa. Marekani, reli ya Santa Fe ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia vichwa vya dizeli vya mizigo, mwaka 1941, na ilivipeleka kwenye majangwa ya Arizona na California, mahali ambapo ilikuwa ikisafirisha maji kwa treni ili treni nyingine zinywe, kama ilivyofanywa Taru wakati wa ujenzi. Kwa treni za mizigo, dizeli ilipata ushindi wake wa mapema pakavu. Afrika Mashariki ilifuata mkondo huo huo katika miaka ya 1960, na kufikia mwaka 1980 vile vya aina ya 59 vilikuwa vimeondolewa kazini. Treni ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, husimama Voi, Mtito Andei na Kibwezi kwa ajili ya abiria. Yenyewe haihitaji kitu hapo.

Chemchemi za Mzima hazikupumzika. Katika miaka ile ile ya 1950 ambapo Mount Gelai kilikuwa kikipanda kwa matangi yaliyojaa, lilitandazwa bomba kutoka Mzima kuteremka hadi Mombasa, na maji ya mvua ya Chyulu yamekuwa yakishuka humo tangu hapo, yakipita nyika ile ile kwa uzito wake mwenyewe, kuelekea mabomba ya mji uliozungukwa na maji ya chumvi.